Redio ya Madobi wa Mtoni

Mkokoteni ulikuwa umeshapita kibanda cha kinyozi. Juu yake kulikuwa na kitanda kilichofunguliwa vipande vipande, magodoro mawili, sufuria ndani ya beseni, pasi mbili za mkaa, na meza ndefu ya kupigia pasi iliyolala chali, miguu juu. Kileleni mwa mzigo, ikiwa imefungwa kwa kamba isianguke, ilikaa redio. Ilikuwa inaongea.

Shemeji alivuta mbele. Dobi alisukuma nyuma. Mke wa dobi alitembea kando, ameshika mguu wa meza usiyumbe. Watoto wao, mapacha wa kike wa miaka kumi, walikuwa shuleni. Walikuwa wameambiwa mchana wasirudi nyumbani, waende kwa mjomba wao ng'ambo ya mji. Waliuliza kwa nini. Hakuna aliyewajibu vizuri.

Dobi huyu watu walimwita Povu. Alikuwa na jina jingine, lakini lilikaa kwenye cheti na halikutoka humo. Alikuwa amefua nguo mtoni miaka kumi na tisa. Alifua mashuka ya hospitali, makoti ya walimu, mapazia ya ofisi. Asubuhi hiyo alisukuma mkokoteni huku akijiuliza maswali mawili: anakwenda wapi, na kwa nini. La kwanza alilijua. Anakwenda kwa shemeji yake, akabebe matofali kwenye tanuri. La pili lilimponyoka kila alipolishika, kama kipande cha sabuni.

Habari ya kuhama ililetwa na shemeji huyo huyo. Yeye ni kaka wa mke wa Povu, ndiye mjomba wa mapacha, na mtaani wanamwita Nimesikia, kwa sababu hajawahi kuanza mazungumzo kwa neno lingine. Jumapili alifika, hata maji hajapewa, akasema: nimesikia redio ya mji imefungwa. Akasema wafanyakazi wamefungasha virago. Akasema mnara utauzwa chuma chakavu. Povu akaketi chini.

Ili mambo yaeleweke, ni lazima kuujua mto wao. Juu ya mto kuna bwawa kubwa la umeme. Bwawa likijaa, wenye bwawa hufungua malango. Maji yaliyokuwa ya magotini humfunika mtu kichwa kabla hajamaliza kukamua mashuka matatu. King'ora kipo, lakini madobi wanafulia nyuma ya kilima, na sauti yake haiwafikii. Simu nazo hazishiki mtandao kule bondeni. Kinachofika ni redio ya mji tu. Kabla ya kufungua malango, wenye bwawa humpigia simu mtangazaji. Mtangazaji hukata wimbo katikati na kusema malango yanafunguliwa, walio mtoni watoke. Madobi tisa hutoka na nguo zao. Wakishatoka, maji huja.

Bila redio, basi, hakuna mto. Bila mto hakuna kazi. Ndivyo Povu alivyolipigia hesabu jambo hilo, na ndiyo maana mkokoteni ulikuwa njiani.

Walipofika kwenye nyumba yenye mlango wa kijani, walimkuta mwenye nyumba anafagia kizingiti. Huyu alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na moja, sasa amestaafu. Watu walimwita Bibi Karani. Aliutazama mzigo, akaegemeza ufagio ukutani.

"Povu, makoti yangu mawili yako wapi?"

"Yamo humu kwenye mzigo, bibi. Nitakuletea."

"Utaniletea kutoka wapi?"

Povu akamtazama mkewe. Mkewe akasema, "Tunahama, mama. Redio imefungwa."

Bibi Karani alitega sikio. Redio juu ya mzigo ilikuwa inasoma bei za sokoni.

"Imefungwa," akasema. "Na huyo anayesema ni nani?"

Watu wote watatu wakaigeukia redio. Wakaitazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Nimesikia hiyo ni kanda," akasema shemeji. "Wanaicheza mpaka siku ya kukata umeme."

"Kanda inayojua kwamba leo ni Jumanne?"

Nimesikia alijikuna shingo. Bibi Karani aliingia ndani, akatoka na gazeti lililokunjwa. Aliwaonyesha tangazo dogo pembeni, chini ya mnada wa magari. Aliwasomea polepole. Shirika la utangazaji la umma lilisema fedha zimepungua. Kwa hiyo lilipendekeza redio ndogo za miji ziache vipindi vyake, zirushe matangazo ya makao makuu kutwa nzima. Mji ungebakiwa na kipindi cha saa moja tu, jioni.

"Si ndiyo hiyo niliyosema?" akasema Nimesikia.

"Siyo. Hapa wameandika linapendekeza. Povu, ukiletewa posa ya binti yako, binti ameshaolewa?"

"Bado, bibi."

"Kwa nini bado?"

"Kwa sababu mimi na mama yake hatujajibu."

"Basi hii ni posa. Ndoa haijafungwa. Na wamewauliza ninyi wenye nyumba. Soma hapa mwisho: wananchi watoe maoni katika muda wa siku ishirini na moja. Zimebaki kumi na nne."

Mke wa Povu aliuliza waliulizwa lini, mbona hakuna aliyefika kwao. Bibi Karani alijibu kwamba karatasi imebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mji tangu wiki iliyopita. Mke wa dobi akasema yeye hupita mbele ya ubao ule kila siku na furushi kichwani, na mtu mwenye furushi kichwani haangalii ubao. Anaangalia miguu yake.

"Sasa mmejua," akasema Bibi Karani. "Rudini. Toeni maoni yenu. Mimi kesho nasafiri, binti yangu amejifungua. Nikirudi nitawauliza mmefikia wapi."

Povu hakuelewa yote. Lakini neno "rudini" alilielewa. Mkokoteni uligeuzwa kwa taabu kubwa, kwa sababu njia ilikuwa nyembamba na kitanda kilichomoza pande zote mbili. Nimesikia alivuta kurudi huku akinung'unika kwamba amemkosesha rafiki yake wa tanurini mbebaji mzuri.

Jioni ile kitanda kiliunganishwa tena. Mapacha walirudishwa kutoka kwa mjomba. Waliuliza kwa nini wamerudi. Hapo pia hakuna aliyewajibu vizuri.

Asubuhi Povu aliwakusanya wenzake mtoni. Aliwaambia wametakiwa kutoa maoni. Wakauliza yanatolewaje. Povu akagundua kwamba hilo hakuuliza, na mwenye kujua yuko safarini. Lakini dobi mmoja, mzee kuliko wote, akasema jambo lenyewe ni dogo. Katika mji wao, mwenye neno la kusema hulisema wapi? Kwenye kipindi cha salamu. Mtu akifaulu mtihani, salamu. Mtu akipoteza mbuzi, salamu. Maharusi, wagonjwa, waliogombana wakapatana, wote hupita humo. Kama kuna mahali pa maoni, ni hapo.

Wote waliona amesema la maana. Walinunua kadi za salamu dukani, wakajaza. Povu alijaza yake kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule darasa la nne. Aliandika anamsalimu mkewe, anawasalimu madobi wote, anamsalimu Bibi Karani popote alipo, na maoni yake ni kwamba redio isifungwe kwa sababu ya malango. Waliwaambia na wateja wao. Wateja nao walijaza. Kila siku kadi zilipelekwa kituoni zikiwa kwenye mfuko wa sabuni.

Na kila siku saa tisa alasiri mikono ya madobi ilisimama. Walisikiliza. Mtangazaji wa salamu alikuwa msichana mwenye sauti ya bashasha, na majina yao aliyasoma yote. Alisema Povu anamsalimu mkewe. Alisema anawasalimu madobi wote. Kisha alisema, "Ujumbe wako tumeupokea," akaweka wimbo.

"Mbona hajausoma?" akauliza Povu.

"Labda kesho," akasema mkewe.

Kesho ikawa vivyo hivyo. Keshokutwa pia. Povu alianza kudhani ni mwandiko wake. Akaandika upya kwa herufi kubwa zaidi. Haikusaidia. Mtangazaji aliwasalimia watu wote wa duniani, na neno la malango akalimeza. Nimesikia akaja na habari kwamba amesikia msichana yule amehongwa. Siku ya tisa mke wa Povu alifunga kanga yake vizuri, akamwambia mumewe aache sabuni, wanakwenda kituoni.

Kituo kilikuwa nyumba ya vyumba viwili. Kuta za chumba cha kutangazia zilibandikwa trei za mayai ili sauti isivume. Povu alizitazama kwa muda, akajiuliza mayai yako wapi. Mtangazaji aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake.

"Binti," akaanza mke wa Povu, "sisi tumekukosea nini?"

Mtangazaji aliinama. Alivuta boksi kutoka chini ya meza. Lilijaa kadi za salamu. Alisema ni sabini na mbili, na kila moja ameisoma mpaka mwisho kwa macho yake.

"Lakini hewani siwezi, mama. Kinachojadiliwa ni kazi yangu mimi. Mtu hawi hakimu wa kesi yake mwenyewe. Tumekatazwa kuisemea redio kwa kutumia redio hii. Hata wanaotaka ifungwe siwasomi."

"Kwa hiyo maoni yetu yamekwenda wapi?"

"Yamo humu kwenye boksi."

Povu alilitazama boksi. Alihisi kama mtu aliyefua nguo siku tisa, kisha akagundua kwamba anafua kivuli chake.

"Na hata ningesoma," akaendelea yule binti, sauti imeshuka, "wanaoamua wasingesikia. Wako makao makuu. Mawimbi yetu hayafiki huko. Maoni yanatakiwa kwa maandishi, yapelekwe ofisi ya mji. Zimebaki siku tano. Mimi sikuruhusiwa hata kuwaambia hivi, lakini mmeniuliza."

Wakashika njia ya kurudi. Mke wa Povu alikuwa amembebea yule binti hasira nyingi, sasa hakujua pa kuitua. Walipofika karibu na mlango wa kijani waliona ufagio unafanya kazi. Bibi Karani alikuwa amerudi. Walimweleza yote, boksi na kadi na salamu. Alicheka mpaka akaketi. Kisha aliona hawacheki, akaacha.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilimwambia mtu avuke, nisimwonyeshe kivuko."

Akawaeleza. Barua haihitaji maneno makubwa. Mtu aseme yeye ni nani na anakaa wapi, kwa jina lake la kweli. Aseme anaitumia redio kwa kazi gani, na itakuwaje kwake ikiondolewa. Mwisho aseme anaomba nini. Asiyejua kuandika atamwambia anayejua, asomewe alichosema, kisha aweke dole gumba. Matusi hapana. Na kila mtu aseme lake, si la jirani.

"Si afadhali tuandike moja nzuri, tuinakili mara sitini?" akauliza Povu.

"Mahakamani, mashahidi sitini wakisema neno moja kwa mpangilio mmoja, hakimu anajua wamefundishwa. Mashahidi kumi wakisema mambo kumi waliyoyaona, hakimu anaweka kalamu chini na kusikiliza."

Povu alisema amefahamu. Alisema kazi ya kukusanya majina ni yake, kwa sababu nguo za nusu ya mji zinapita mikononi mwake. Kesho yake alirudisha nguo nyumba kwa nyumba, na kila nyumba aliuliza kama wanakubali. Jioni alifika kwa Bibi Karani amebeba shuka jeupe chini ya kwapa, uso unang'aa. Alilitandaza mezani.

Lilikuwa limeshonwa alama za nyuzi kutoka juu mpaka chini. Msalaba mwekundu. Mistari miwili ya bluu. Nukta tatu nyeusi. Duara la kijani. Alama arobaini na tatu, zimepangwa safu kwa safu, kwa mkono safi kabisa.

"Hiki ni nini, Povu?"

"Majina, bibi. Wamekubali wote."

Madobi wa mto ule hawaandiki majina ya wateja. Kila nyumba ina alama yake ya uzi, hushonwa ndani ya ukosi au kwenye pindo, na dobi huijua kama anavyomjua mwanawe. Kwa Povu, msalaba mwekundu ulikuwa mwalimu wa hesabu, na hakuona jina linaloweza kumtaja vizuri zaidi.

Bibi Karani alilipitisha shuka lile mkononi taratibu.

"Kushona umeshona. Lakini mwanangu, pale ofisini wataandika nini? Bwana Msalaba Mwekundu na mkewe, Bibi Msalaba?"

"Wakiniuliza mimi nitawaambia."

"Hawatakuuliza. Wewe utakuwa mtoni. Mwenye maoni lazima ajulikane hata ukiwa haupo."

Povu aliketi, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti kile kilichokuwa kikimzunguka kichwani tangu siku ya mkokoteni. Alisema haelewi. Alisema anafanya kila anachoambiwa na kila mara amekosea. Kwa nini jambo la kuokoa mtu asife maji linahitaji karatasi ya aina moja na si nyingine?

Bibi Karani hakumcheka safari hii. Alisema kwamba anayeamua yuko mbali. Hamwoni Povu wala mto. Anachokiona ni karatasi tu. Basi ile karatasi lazima ifanye kazi ambayo Povu angeifanya kama angekuwa amesimama pale mbele yake.

Hilo Povu alilishika, na halikuponyoka.

Shuka likawekwa juu ya meza ya pasi, nyumbani kwa Povu, liwe tandiko. Zilikuwa zimebaki siku nne. Siku mbili zilizofuata meza ile haikupigiwa pasi hata shati moja. Watu walikuja na karatasi zao. Mke wa Povu, aliyesoma zaidi ya mumewe, aliwaandikia wasiojua. Mwalimu wa hesabu aliandika kwamba shule ikifungwa kwa mafuriko, wazazi hujulia redioni. Mkunga aliandika siku za chanjo. Mzee mmoja kipofu alisema yeye gazeti halimfai, na kwamba redio ya makao makuu inamweleza mvua ya mahali asipopajua. Dole gumba lake lilikuwa gumu, likachukua wino mara tatu. Nimesikia naye alikuja, akaandika ukurasa mzima. Mstari wa kwanza uliwaita wakubwa majambazi.

"Hiyo nzuri," akasema Bibi Karani baada ya kuisoma. "Ipeleke nyumbani ukaiweke kwenye fremu. Sasa andika nyingine ya kupeleka ofisini."

"Niandike nini basi? Mimi siko mtoni."

"Dada yako yuko wapi kila asubuhi?"

Nimesikia aliacha kujikuna. Alichukua karatasi mpya. Aliandika mistari mitano tu. Alipomaliza aliigeuza kifudifudi, hakutaka mtu aione.

Barua zilifika sitini na moja. Bibi Karani aliwaambia wazinakili zote kabla ya kupeleka, na nakala zigongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Kijana wa mapokezi alisema hakuna haja. Bibi Karani alisema atasubiri mpaka haja ipatikane, akavuta kiti. Muhuri ukagongwa mara sitini na moja.

Wiki mbili baadaye kukawa na kikao cha wananchi kwenye ukumbi wa mji. Povu alikuwa mzungumzaji wa kumi na nne. Kabla yake ofisa mmoja kutoka makao makuu alieleza mpango. Alisema uwianishaji wa rasilimali. Alisema muunganiko wa masafa. Povu alimuuliza Bibi Karani kwa kunong'ona maana yake ni nini. Bibi Karani alisema anaitafuta.

Povu alipoitwa alikishika kipaza sauti kama anavyoshika pasi, mkono mzima. Sauti yake mwenyewe ilimrudia kutoka ukutani, akageuka kuona nani anamsemea. Watu walicheka. Akaanza upya.

Alisema yeye ni dobi. Alisema msimu uliopita, siku moja asubuhi, mkewe alikuwa amesimama kwenye jiwe la mbali, katikati ya mto, anasuuza mapazia. Hapakuwa na wingu. Wimbo ukakatwa. Tangazo likasemwa. Mkewe akataka kwanza akusanye mapazia, kwa sababu ni ya watu. Povu akamvuta mkono, wakatoka. Mapazia mawili yalibaki. Walipogeuka, jiwe halikuwepo.

"Mapazia hayajapatikana mpaka leo," akasema Povu. Akakishusha kipaza sauti.

Ofisa aliuliza kwa upole, "Mzee, mko wangapi pale mtoni?"

"Tisa."

"Mji huu una watu laki mbili. Unaona ugumu wetu?"

Povu alifikiri. Hakuuona ugumu, wala hakuona kwamba haupo. Akakiinua tena kipaza sauti.

"Mkubwa, hesabu hiyo mimi siijui," akasema. "Wewe ndiye msomi. Niambie wewe, nikirudi pale nimwambie nani kati ya wale tisa asije kesho?"

Hakuna aliyecheka. Ofisa aliandika kitu kwenye karatasi yake. Mwenyekiti wa kikao aliuliza kama barua za wananchi zimesomwa. Ofisa alisema zimesomwa, zote sitini na moja, na kwamba hakuna mbili zinazofanana. Alisema kwenye mpango wao, tangazo la malango ya bwawa halikuwa limefikiriwa kabisa. Hakuna aliyewaambia kwamba lipo.

Povu alirudi kwenye kiti chake. Alimuuliza mkewe kama ameharibu. Mkewe alisema hajui, lakini Povu ameubana mkono wake tangu alipoketi, nao umelowa jasho, auachie.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki tano. Uliwekwa kwenye ubao wa ofisi ya mji, na mara hii mke wa Povu alitua furushi chini akausoma. Redio ya mji ilibakishiwa matangazo yake ya asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa saba. Tangazo la malango litakatiza kipindi chochote, saa yoyote, hata cha makao makuu, na mtu wa zamu lazima awepo kituoni kutwa nzima. Mchana na jioni vilichukuliwa. Kipindi cha salamu kiliondolewa.

"Sasa tumeshinda au tumeshindwa?" Povu akamuuliza Bibi Karani.

"Mlichoomba mmepewa. Na kuna ambacho hamkukiomba, kimekwenda. Katika barua sitini na moja, hakuna hata moja iliyotaja salamu."

Povu alikumbuka boksi lenye kadi sabini na mbili. Walikuwa wamekitumia kipindi kile siku tisa, na ilipofika zamu ya kukiombea, walikisahau. Alikaa na jambo hilo jioni nzima. Hakulimaliza.

Povu bado anafua mtoni. Mkewe hafui tena kwenye jiwe la mbali. Siku hizi, mtu akiletewa karatasi asiyoielewa, huipeleka kwa mama huyo kwanza, naye humwambia kama ni posa au ni ndoa. Nimesikia alihamia mji mwingine kufuata kazi ya tanuri, na huandika barua kwa dada yake mara mbili kwa mwaka. Mtangazaji wa salamu alipewa kazi ya zamu. Hana kipindi. Hukaa karibu na simu ya bwawa. Bibi Karani alifariki mwaka uliofuata, na makoti yake mawili walipewa wajukuu. Mapacha wamefika darasa la saba. Ofisa wa makao makuu hakuonekana tena. Madobi sasa ni saba, kwa kuwa mmoja amezeeka na mwingine amenunua mashine. Malango yamefunguliwa mara kumi na moja. Hakuna aliyekufa maji.